Mnenguaji wa Eastlands: Msanii au Chambo cha Bia?

MNAMO Novemba 30, 2022, Gavana wa Nairobi, Bw Johnson Sakaja, alitangaza kwamba serikali yake haitatoa tena leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Wakazi wa mitaa mingi walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu muziki unaotikisa madirisha hadi alfajiri. Wenye vilabu nao wakajibu kwamba wamewekeza fedha nyingi na kuwaajiri vijana ambao serikali haikuwaajiri. Mjadala ukapamba moto. Kelele zilijadiliwa, kodi ikajadiliwa, maadili ya watoto yakajadiliwa. Lakini kuna kundi moja ambalo sikulisikia likitajwa ila kwa kejeli, nalo ni kundi la wanenguaji.

Nawazungumzia vijana wanaopanda kwenye majukwaa madogo ya baa zilizopangana kandokando ya Jogoo Road, Outering na Kangundo Road. Wengi wao ni wasichana, ingawa wavulana wapo pia. Wengine hucheza wakiwa wamevaa mavazi ya heshima, wengine huyapunguza kadiri usiku unavyokomaa na wateja wanavyochangamka. Mtu akiwataja mbele ya watu wenye staha, huonekana kana kwamba ameleta uchafu mezani. Nami nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa hao wenye staha.

Mwalimu anayesoma safu hii huenda akauliza: jambo hili lanihusu nini? Linamhusu sana. Mtaala wa Umilisi umeigawa shule ya sekondari ya juu katika mikondo mitatu, na mmoja wao ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia darasani Januari 2026. Isitoshe, kwa miongo mingi sasa Tamasha za Kitaifa za Drama zimewafunza watoto wetu densi bunifu. Nao washindi wamewahi kualikwa kucheza mbele ya Rais wa nchi, mawaziri wakipiga makofi. Msichana wa Jericho au Kayole anafundishwa kwamba mwili wake ni ala, kwamba bega, kiuno na unyayo vina lugha yao. Anapewa cheti. Kisha anamaliza shule na kugundua kwamba katika umbali anaoweza kuutembea kwa miguu, anayeweza kumlipa kwa kazi hiyo ni mwenye baa peke yake. Kwa hiyo mwalimu anayempendekezea mtoto mkondo wa Sanaa yampasa ajue mkondo huo unamwaga maji yake wapi.

Mambo hayakuwa hivi tangu awali. Mitaa mikongwe ya Eastlands ilijengwa pamoja na kumbi zake. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, ulikuwa na ukumbi wake wa kumbukumbu ambamo Waafrika walicheza dansi. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa jiji, uliwekewa ukumbi katikati ya nyumba, kama vile kijiji kinavyowekewa kiwanja. Katika kumbi hizo watu walicheza, walipigana ndondi, walifunga harusi na kuomboleza, na kabla ya uhuru wanasiasa kama Tom Mboya walihutubia humo. Ukumbi ulikuwa mali ya baraza la jiji, na ada yake ilikuwa ndogo. Bia ikiuzwa, ilikuja nyuma ya ngoma. Kilichowaleta watu ni ngoma.

Jiji lilipopanuka kuelekea mashariki, mpangilio huo ulisahauliwa. Tassia na sehemu kubwa ya Kayole zilikua kwa ghorofa za kukodisha, jengo likiegemea jengo, na kila futi ya ardhi ikahesabiwa kodi yake ya mwezi. Katika mpango wa namna hiyo hakuna mtu anayeacha nafasi ya watu kuchezea. Nafasi pekee ya mkusanyiko iliyobaki ni ile inayoweza kujilipia kodi, na inayojilipia kodi kwa uhakika ni baa. (Ama kanisa, lakini kanisa nalo lina masharti yake kuhusu viuno.) Hivyo ndivyo ukumbi ulivyogeuka kaunta. Wanaosema kwamba vijana wetu wamekimbilia baa kwa kupotoka kimaadili hawajautazama ramani ya mtaa wao.

Hapa yafaa tuseme jambo kuhusu viuno, maana ndivyo vinavyowakera wengi. Kukata kiuno hakukuletwa na baa wala na Wakongomani. Wapwani wanaifahamu chakacha. Katika harusi za Mombasa na Lamu wanawake hujifungia uani, hufunga leso viunoni, wakacheza kwa ustadi ambao mtoto huupata kwa kuwatazama mama na shangazi zake. Wanaume hawaingii. Anayetazama sasa hivi ndiye atakayecheza baadaye. Hakuna mgeni aliyekuja kununua macho. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wameandika pia kuhusu sindimba ya Wamakonde, ambayo baada ya uhuru wa Tanganyika ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikapangwa upya kwa ajili ya jukwaa, na kiuno kikapewa uzito mkubwa kuliko kilivyokuwa nacho kule ilikotoka. Kiuno ni kile kile. Kilichobadilika ni ua.

Na lipo neno moja la Kiswahili ambalo hubeba mabadiliko hayo yote: kutunza. Katika taarabu na katika harusi, mtazamaji aliyeguswa huinuka polepole, akacheza hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza noti. Watu wote humwona. Anayetunza anajipatia heshima kama anayetunzwa, na mwimbaji hasimamishi wimbo kwa sababu ya noti hiyo. Tunzo ni shukrani inayoongezwa juu ya malipo, kwa kuwa mwimbaji tayari amekwisha kukubaliana na wenye harusi. Baa imelichukua desturi hiyo na kuigeuza kichwa chini miguu juu. Mnenguaji hupewa ujira mdogo wa usiku, na pengine hapewi kitu ila ruhusa ya kupanda jukwaani; kisha huambiwa kwamba mengine atayapata kwa wateja. Tunzo imekuwa mshahara. Yule aliyekuwa akitunza kwa hiari sasa ndiye mwajiri, bila mkataba, bila kujulikana jina, na akiwa amelewa.

Matokeo yake katika densi yenyewe ni rahisi kuyaona kwa yeyote aliyewahi kufundisha densi. Msanii anayelipwa na ukumbi hupanga onyesho lake kuanzia mwanzo hadi mwisho: ana kuingia, ana kupanda, ana kutulia. Msanii anayetegemea noti hawezi kutulia. Akitulia, meza ya kona inageukia simu. Hivyo hurudia kile kilicholeta noti dakika tano zilizopita, na kwa kuwa noti ya pili haiji kwa kitu kile kile, hana budi kuongeza kidogo: ainame zaidi, asogee karibu zaidi, avue kimoja zaidi. Baada ya miezi sita amesahau mipangilio aliyokuja nayo kutoka shuleni. Mwenye baa naye hakumwamuru afanye lolote. Hesabu ndiyo iliyomwamuru.

Tusimlaumu mwenye baa kupita kiasi, kwa sababu naye ana hesabu zake. Faida yake haitoki kwenye densi, inatoka kwenye chupa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wananchi waliibatiza jina la Mututho, iliziruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Katika saa hizo chache lazima alipe kodi ya nyumba, umeme, leseni, mabawabu na hata wale wasiotoa risiti. Kwake yeye mnenguaji ni kitu cha kumfanya mteja aagize chupa ya nne badala ya kwenda nyumbani baada ya tatu. Jioni ambayo mpira wa Uingereza unaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, mnenguaji huambiwa asije. Mtu anayeweza kubadilishwa na televisheni ana nguvu gani ya kudai bei?

Je, hiyo ni sanaa? Swali hili limewahi kufikishwa mahakamani, na majibu yake yanafurahisha. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Norway iliamua kwamba unenguaji wa kuvua nguo katika baa moja ya Oslo ulikuwa sanaa, na kwa sababu hiyo kiingilio chake hakikustahili kutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, Marekani, ilipewa kesi inayofanana na hiyo kutoka klabu moja karibu na Albany. Majaji wanne dhidi ya watatu wakakataa: klabu haikuwa imethibitisha kwamba densi zake zote zilistahili msamaha wa kodi unaotolewa kwa maonyesho ya sanaa. Wanafunzi wanaweza kubishana wiki nzima ni mahakama ipi iliyosema kweli. Mimi lililonivutia ni jingine. Katika kesi zote mbili, aliyesimama mbele ya majaji akililia neno "sanaa" ni mwenye klabu, naye alililia ili asilipe kodi. Hata siku ambayo unenguaji ulitangazwa kuwa sanaa, faida ya tangazo hilo iliingia kwenye kaunta.

Kwetu sisi dola limekuwa na msimamo wa ajabu zaidi. Mwaka 2019 aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, Dkt Ezekiel Mutua, alitangaza kwamba nyimbo Wamlambez, ya vijana wa Nairobi, na Tetema, ya Watanzania, zisichezwe nje ya baa na vilabu. Sitetei nyimbo hizo hapa. Natazama ramani iliyochorwa na agizo lile: kuna mahali pa watu wema, na kuna baa, ambapo mambo yasiyofaa yataendelea bila kuulizwa. Serikali ikishaigawa nchi hivyo, imesema pia kwamba anayefanya kazi upande wa pili wa mstari asitarajie kutazamwa na mkaguzi wa kazi. Atatazamwa na polisi tu, usiku wa msako, na asubuhi picha yake akiuficha uso kwa viganja itauza magazeti.

Wanaotaka kuwatetea wanenguaji hukimbilia Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010, ambacho kinaulinda uhuru wa kujieleza na kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ni kifungu kizuri. Lakini katika hali niliyoieleza, kumwambia binti wa Kayole kwamba ana uhuru wa ubunifu ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba ana uhuru wa kuchagua chakula. Kurasa chache mbele kuna Kifungu cha 41, ambacho sijasikia mtu akikitaja katika mjadala huu. Kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa usawa katika kazi. Kwamba mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki, ya mazingira yanayofaa ya kazi na ya kujiunga na chama. Hakikuweka sharti kwamba mfanyakazi huyo awe amevaa hadi magotini.

Nadhani tumekuwa tukiugombania mlango usio wake. Mnenguaji mwenye mkataba, mwenye ujira unaojulikana kabla hajapanda jukwaani, mwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye kitasa kinachofunga, na mwenye haki ya kusema "meza ile siendi", huyo anaweza kuchagua ngoma yake. Uhuru wake wa kisanaa unaanzia kwenye kitasa.

Julai 2016 tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Mwanamuziki Koffi Olomide alipowasili katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, kamera zilimnasa akionekana kumpiga teke mmoja wa wanenguaji wake. Umma wa Kenya ulighadhibika, na siku iliyofuata alirudishwa kwao. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo baadhi ya wanenguaji walisafirishwa pamoja naye katika safari ile ile ya kufukuzwa, na onyesho ambalo lingewapa riziki likafa. Tulimwadhibu bosi, na wafanyakazi wakailipa nusu ya adhabu. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza kama walilipwa.

Kwingineko wamewahi kujaribu njia nyingine. Mjini San Francisco wanenguaji wa klabu iliyoitwa Lusty Lady waliunda chama cha wafanyakazi mwaka 1997, na mwaka 2003 wakainunua klabu yenyewe na kuiendesha kama ushirika wao, hadi ilipofungwa mwaka 2013. Huko North Hollywood wenzao wa klabu ya Star Garden walijiunga mwaka 2023 na chama cha waigizaji wa jukwaani. Msomaji asidhani nataka tuige kila kinachofanyika Marekani. Kazi ya klabu hizo si kazi ambayo ningemtakia mwanafunzi wangu. Naitaja mifano hii kwa sababu wanawake wale hawakungoja jamii iamue kama wao ni wasanii. Waliuliza kwanza nani anapanga zamu.

Mfano wa karibu nasi una mafunzo makali zaidi. Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa na vikundi vya utamaduni vilivyoishi kwa kiingilio: Muungano, kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, na Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya kivuli cha CCM. Vilicheza katika kumbi na mabaa, bia ikiuzwa, na usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Hapo palikuwa na kikundi, palikuwa na mazoezi, palikuwa na mpangaji wa onyesho. Mnenguaji hakuwa peke yake mbele ya meza ya walevi. Lakini soko halikulala. Ushindani wa vikundi hivyo viwili ulipogeuka kuwa ushindani wa mipasho, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, taarabu ndiyo iliyojaza ukumbi, nazo ngoma zikaanza kubanwa hadi zikawa za kufungulia pazia. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba kikundi chenye nidhamu hakiwezi kumezwa na biashara. Kinaweza. Tofauti ni kwamba kilimezwa kwa miaka, kikibishana, na wachezaji wake wakijua wanachokipoteza. Ilhali binti wa Kangundo Road humezwa kwa miezi sita.

Sasa tuirudie serikali ya kaunti, kwa sababu ndiko nilikoanzia. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na katika orodha hiyo hiyo limezikabidhi utoaji wa leseni za vileo. Maana yake ni kwamba afisi ile ile inayopiga muhuri leseni ya baa ndiyo yenye funguo za kumbi za jamii za Eastlands. Haihitaji sheria mpya kutoka Bungeni ili kumwambia mwenye baa anayeomba leseni ya burudani: tuonyeshe mkataba wa wasanii wako na chumba chao cha kubadilishia nguo, kama vile unavyotuonyesha choo na mlango wa dharura. Haihitaji mfadhili wa kigeni ili kuutenga ukumbi mmoja, jioni tatu kwa wiki, kwa vikundi vya densi vya mtaa, kwa ada wanayoweza kuilipa kutokana na kiingilio cha shilingi hamsini. Tena pesa za leseni zipo. Zinalipwa kila mwaka na hao hao wauza vileo.

Najua jibu nitakalopewa: kwamba watu hawatatoa shilingi hamsini kutazama densi isiyo na bia. Pengine. Lakini vijana wa sarakasi wa Nairobi, ambao wengi wao walijifunzia kupinduka kwenye mitaa hii hii, wamepata kazi katika majukwaa ya nje ya nchi kwa ustadi mtupu, na shirika la Sarakasi limekuwa likiwafunza vijana jijini tangu mwaka 2001. Watazamaji hufundishwa kama wachezaji wanavyofundishwa. Mwalimu wa drama anayewaleta wanafunzi thelathini kutazama onyesho la Jumamosi alasiri ameshaanzisha soko.

Majuzi nilipita karibu na ukumbi mmoja wa mitaa ya Jogoo Road, ambao sitautaja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Niliambiwa umekodishwa kwa hafla ya watu fulani kesho yake. Kundi la vijana lilikuwa likifanya mazoezi ya densi barazani, kwenye saruji, redio ndogo ikiwa juu ya ngazi. Walikuwa wakipanga mwendo mmoja wa kuingia jukwaani, na msichana aliyewaongoza aliwarudisha mwanzo mara nne kwa sababu mabega hayakuwa sawa. Ilipofika saa kumi na moja alitazama simu yake, akaokota mkoba wake na kumwachia mwenzake redio. Mwenzake akaniambia kwamba yeye na wasichana wawili wengine huwa wanaingia kazini saa moja, na huko haruhusiwi kuchelewa.